Ndoo Kumi na Mbili za Maji ya Uvuguvugu

Katika kisa hiki mjinga alikuwa mwanafunzi mwenyewe, na tuseme mapema tusije tukamsingizia jirani.

Wenzake walimwita Daktari, maana rula haikumtoka mkononi. Alikuwa amepima miche mia nne ya nyanya ya mama yake mdogo: nusu ilimwagiliwa maji ya uvuguvugu, nusu maji baridi. Mwalimu wa sayansi akapiga hesabu, akasema tofauti ya urefu haikuwa ya kubahatisha. Daktari hakungoja sentensi ya pili. Huyo, mbio hadi nyumbani!

"Mama mdogo, imethibitishwa! Maji ya uvuguvugu yanakuza miche!"

"Hongera, mwanangu. Basi aliyegundua ndiye atakayechemsha."

Tangu hapo, kila alfajiri ndoo kumi na mbili zilimngoja. Moshi ulimtoa machozi, na shuleni alifika kengele imeshalia. Juma la tatu akaonywa: akichelewa tena, nafasi yake katika kikundi cha sayansi atapewa mwingine. Afanye nini? Akigoma kuchemsha, atakuwa amelamba mate aliyokwisha kuyatema. Akiendelea, kikundi kwaheri. Mtego kausuka mwenyewe, na mguu ulionasa ni wake.

Akamfuata mwalimu, harufu ya moshi ikimtangulia.

"Miche ile ilizidi kwa kiasi gani?" mwalimu akauliza.

Daktari akainamisha kichwa. "Milimita moja."

"Mama yako mdogo anajua?"

"Nilimwambia imethibitishwa tu."

"Ulimwambia tofauti ipo. Kwamba ni ndogo kiasi gani, hilo ukalificha uvunguni. Nenda kalitoe."

Jioni, katikati ya matuta, akakiri yote. Mama mdogo akashika rula, akafumba jicho moja, akaitafuta hiyo milimita. Alipoiona alicheka mpaka akakalia ndoo.

"Yaani kuni zote zile ni kwa ajili ya haka? Kesho maji baridi, nawe uwahi shule. Na siku nyingine ukiniletea ukweli, niletee na ukubwa wake, nijue kama ukweli huo unastahili jasho la mtu."

Kwa Daktari, ubishi ulikuwa bado haujapoa. "Lakini mama mdogo, kuzidi ilizidi! Hata mwalimu kasema ni kweli!"

"Hata sisimizi huzidiana urefu, mwanangu. Uliona wapi mlango umeinuliwa ili yule mrefu apite?"