Maziwa Yaliyogoma Kuganda

Marehemu alikutwa ndani ya kibuyu, siku ya tatu, mweupe na mwepesi kama alivyokamuliwa. Inspekta Eunice Nyangwine alimtikisa, akamnusa, akaguna. Maziwa ya Issenye hayajawahi kukaa siku tatu bila kuganda. Hata ukiyakemea yataganda.

"Umeyatia nini, Mwajuma?"

"Mbegu ya mtindi na subira, afande. Yamegoma."

Mwajuma muuza maziwa alikuwa kwenye benchi la kituo, ushungi umelowa machozi. Mtoto wa jirani yake alikunywa maziwa hayohayo akavimba uso, akalazwa. Daktari alisema mwili wa mtoto yule haupatani na penisilini, naye hakuwa amemeza hata kidonge. Mtaani walishatoa hukumu: Mwajuma anatia dawa maziwa yasiharibike. Ijumaa ikifika bila jibu, kibanda chake kinafungwa.

Lakini Inspekta alikulia zizini. Dawa inayoua vijidudu vya ugonjwa huua pia vile vinavyogandisha maziwa. Aliyetiwa dawa alikuwa ng'ombe, nayo ikapita kwenye maziwa. Wa nani?

Mwajuma alinunua kwa wafugaji watatu. Inspekta akachukua sampuli kwa kila mmoja, akazitia kwenye vibuyu vitatu na mbegu ileile, akavipanga mezani. Gwaride la utambulisho. Inasemekana koplo wa zamu alivipigia saluti.

Asubuhi ya pili, viwili vilikuwa vimeganda mpaka kijiko kinasimama. Cha tatu, chenye maziwa ya mzee Nashoni, kilichuruzika kama maji. Kijikaratasi cha kupimia mabaki ya dawa nacho kikasema lilelile.

"Shikamoo, Tata Nashoni."

"Marahaba, binti yangu. Umekuja na pingu?"

"Zimo mfukoni. Ng'ombe wako anaumwa?"

"Nani kasema?"

"Maziwa yake."

Mzee alilitazama zizi. "Kiwele kilivimba. Bwana mifugo akamchoma penisilini."

"Akasemaje kuhusu maziwa?"

"Mengi. Yule kijana anaongea sana."

"Tata."

"Alisema nimwage. Siku saba baada ya sindano ya mwisho."

"Ukauza. Tamaa?"

"Tamaa gani? Madoa huyu ndiye aliyemlea mjukuu wangu Robi, mama yake alipofariki. Na mama yangu aliniambia ng'ombe akiona maziwa yake yanamwagwa, moyo unamvunjika, titi linakauka. Nikasema, kikombe cha maziwa kitamdhuru nani." Sauti ikapungua. "Mtoto yule anaendeleaje?"

"Uvimbe umeshuka. Ila Mwajuma anabeba fedheha yako."

Mzee akavua kofia. "Andika maelezo yangu. Na leo nitasema mwenyewe, gulioni, watu wote wasikie."

"Na maziwa ya asubuhi hii?"

Akainua ndoo, akapiga hatua mbili, akasimama.

"Binti yangu, mgeuze kwanza. Asione."

Inspekta akamshika Madoa pembe, akamwelekeza upande wa Ikoma, akawa anamsimulia habari za mvua, taratibu, mpaka ndoo ikabaki tupu.