Masina na Tairi za Kung'aa

Kila Jumamosi, baada ya kufagia majani ya mishelisheli uani, Masina alikisafisha kiti chake cha magurudumu. Kazi hiyo aliiweza. Ila alikuwa na kiburi kisicho na kipimo. Kwa kuwa alikikalia kiti tangu akiwa na miaka sita, na sasa ana kumi na miwili, aliona hakuna mtu katika kisiwa chetu kizima cha Savaii wa kumfundisha habari za magurudumu.

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya Watoto, siku ambayo watoto wetu huvaa nyeupe na kusema mistari ya Biblia mbele ya kanisa. Masina alitaka kuwapita wote. Akachukua mafuta ya nazi, yale tunayojipaka mwilini kabla ya kucheza ngoma, akapaka tairi na zile pete za pembeni za kusukumia kwa mikono mpaka zikameremeta.

"We Masina, una akili kweli?" Shangazi Fuatino akauliza. "Breki inabana tairi. Mafuta na breki wapi na wapi?"

"Shangazi, kiti hiki umekikalia lini?" Masina akabetua mdomo. "Wewe si unatembea? Basi tembea."

Jibu la ovyo kabisa kwa mtu mzima! Shangazi akamtupia kitambaa chenye sabuni. "Futa." Masina hakukigusa.

Asubuhi, baada ya wenzake kumsukuma hadi juu ya mteremko wa saruji wa mlango wa kanisa, Masina alifunga breki zote mbili, akaachia mikono ili apachike ua sikioni. Eti ua! Kiti kikaanza kuteleza. Akashika pete, mikono nayo ikateleza. Kule chini, katikati ya njia, mdogo wake Peni wa miaka minne alikuwa amechuchumaa akifunga kiatu.

"Peni, toka! Toka!"

Mtoto akakodoa macho tu. Masina akajitupa pembeni, akakumbatia nguzo ya ukingo, na kiti kikapinduka naye hatua moja kutoka kwa Peni. Gauni likapasuka, kiwiko kikachubuka. Peni hakuguswa. Shangazi akatoka kanisani mbio.

"Shangazi, ningemuua," Masina akalia.

Shangazi akamwinua, akamletea ndoo na sabuni, akamwacha asugue mwenyewe huku wenzake wakisema mistari yao ndani. Tairi zilipokauka, Masina akafunga breki. Shangazi akakisukuma kiti kwa nguvu zote, nacho kikagoma.

"Sasa sikiliza, mwanangu. Tairi kazi yake ni kushika chini. Ukifunga breki, jaribu kwanza kukisukuma kabla hujaachia mikono. Kikisogea, hiyo si breki, ni pambo. Na usisimame kwenye mteremko wakati pa tambarare papo."

"Nimekuwa nikijiona najua, Shangazi. Miaka sita yote hii."

"Miaka!" Shangazi akasonya. "Kuku wa mchungaji anashinda kanisani kila siku, na hajui sala hata moja."