Pudentienne na Neno "Mugeni"

Mwaka 1965 ulikuwa unakwisha. Waasi walikuwa wamefukuzwa Uvira, mashariki mwa Kongo, lakini askari walikuwa bado wanasimamisha watu njiani.

Pudentienne alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, uani. Yeye na mumewe Nkeshimana walikuwa wamekimbia mauaji Burundi, wakaja na watoto wao wanne. Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha. Neno sombe alilijua. Neno ndagala, yaani dagaa, alilijua. Mengine yalimpita tu.

Damien, jirani yake mvuvi, aliingia mbio.

"Mama, bwana yako wamemufunga! Iko kule ku darajani!"

Pudentienne hakuelewa. Damien akakutanisha mikono yake kama iliyofungwa kamba. Hapo akaelewa, na mchi ukamponyoka.

Darajani alimkuta Nkeshimana amekaa chini juani. Askari alikuwa ameshika karatasi ambayo mume na mke walipewa katika ofisi ya wakimbizi.

"Karatasi inasema ninyi ni watu wa hapa," askari alifoka. "Muntu wa hapa, karte yake ya kitambulisho iko wapi? Huyu ni mwasi. Siku ya posho, Jumamosi, tunamupeleka Bukavu!"

Akamtupia Pudentienne karatasi. Mama wa watu aliigeuza juu na chini. Kosa lao lilikuwa nini? Kusoma hakujua.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Georgette, aliyefundisha akina mama kusoma. Mama yake Georgette alizaliwa Mutarule, kwenye Warundi wengi, kwa hiyo Kirundi alikijua vizuri. Alisoma karatasi, akakunja uso.

"Imeandikwa kwamba ninyi si wageni," alisema kwa Kirundi. "Karani alikuuliza nini?"

"Aliniuliza kama mimi ni umugeni. Nikasema hapana! Nina watoto wanne, mimi umugeni wa wapi tena? Hata haya niliona."

Kicheko kilimtoka Georgette, akakizuia upesi.

"Ee mama! Kwa Kirundi umugeni ni bibi harusi. Kwa Kiswahili mugeni ni mtu aliyetoka nchi nyingine. Ulikataa kwamba umetoka Burundi! Na kidole ulitia kwenye wino?"

"Nilitia."

"Walikusomea kwanza?"

"Hapana." Machozi yalimtoka Pudentienne. "Basi mimi ndiye niliyemfunga mume wangu. Nichane karatasi hii?"

"Usiichane. Usiifiche. Karatasi yenye kosa husahihishwa. Mtu aliyekimbia kuuawa ana haki ya kuomba hifadhi, na ana haki ya kuulizwa kwa lugha anayoielewa. Twende."

Ofisini, karani Térence alinuna.

"Minye niliuliza muzuri. Mama huyu alisema hapana."

"Weye uliuliza kwa Kiswahili," Georgette alisema. "Yeye alisikia Kirundi. Uliza tena, minye nitafasiri."

Térence aliuliza upya, neno kwa neno. Pudentienne akaeleza walikotoka na kilichowakimbiza. Karani akaandika karatasi mpya, kisha akamsogezea wino.

Pudentienne alificha mkono nyuma. Alikuwa hajawahi kumkatalia bwana mkubwa wa ofisi jambo lolote.

"Isomwe kwanza," alisema. "Kwa Kirundi."

Térence akaguna, lakini akasoma. Georgette akafasiri. Mume, Nkeshimana. Mke, Pudentienne. Wakimbizi kutoka Burundi. Watoto watatu.

"Watatu?" Pudentienne aliruka. "Nizigiyimana iko wapi?"

Térence alimtazama mtoto mgongoni kwa mama yake. Akachukua kalamu tena, safari hii bila kuguna. Ndipo Pudentienne alipotia kidole.

Ijumaa askari wa darajani alisoma karatasi mpya mara mbili, akamfungua Nkeshimana. Mtu na mkewe walirudi nyumbani, machozi yakiwatoka wote wawili.

Kwa karatasi hiyo mkuu wa kijiji cha Runingu aliwapa shamba, wakapanda mahindi. Watoto wakubwa wakaandikwa shuleni. Pudentienne alijifunza kusoma kwa Georgette.

Kila Jumatatu sasa anakaa ofisini kando ya Térence, awafasirie waliotoka juzi Burundi. Juzi mama mmoja alinyoosha kidole kwenye wino kabla hata karani hajamaliza kuandika. Pudentienne akamshika mkono.

"Usione haya kuomba usomewe kwanza," alimwambia. "Mimi sikuomba, na mume wangu nusura apelekwe kufa."