Kazi Yangu Imo Ghalani

Mapenzi haya yalianza kwenye duka la vifaa vya kompyuta, Jumamosi mchana, wakati mji mzima huwa umekumbuka kwamba chaja zake zimekufa. Katikati ya msongamano ule, dada mmoja mwenye gauni la kijani na raba nyeupe alisimama mbele ya rafu ya kibodi, akibonyeza herufi L ya kila moja kwa uzito wa daktari anayepima tumbo la mgonjwa.

"Samahani, dada," alisema kijana mmoja nyuma yake. "Herufi nyingine zimekukosea nini?"

"Kutwa nzima naorodhesha faili kwa amri zenye herufi hiyo," alijibu bila kugeuka. "L ndiyo hufa kwanza."

"Kwani kipanya huna?"

"Ninacho. Kinazuia karatasi zisipeperuke."

Hapo akageuka. Kijana alivaa shati la maua lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate, na alikuwa na cheko la mtu ambaye hajawahi kufokewa ipasavyo. Alikuwa mchoraji wa vitufe na rangi za programu. Na kwa bahati ambayo bila hiyo tusingekuwa na la kusimulia, Jumatatu iliyofuata alikuwa anaanza kazi kwenye ofisi ya dada huyohuyo.

Ofisini dada aliitwa Bi Amri. Ndiye peke yake aliyeandika msimbo wa programu ya kupanga miadi ya wagonjwa, na kazi yote aliihifadhi kwenye ghala moja la msimbo, hifadhi ya pamoja ya ofisi. Meneja alitaka atumie programu yenye picha za folda za njano, ili hata yeye Meneja aweze kufuatilia. Bi Amri alikataa kwa adabu, kisha akakataa bila adabu. Alipotaka kujua kilichomo ghalani, alifungua dirisha jeusi, akaandika git ls-files, na majina ya faili zilizohifadhiwa yakateremka kama wanafunzi waliosikia kengele ya chakula.

Mchoraji hakuchelewa kupenda. Simu zao za jioni zilikuwa hivi:

"Umefika nyumbani, mpenzi?"

"Nimefika. Umehifadhi kazi yako?"

"Wenzangu huulizwa kama wamekula."

"Haya, umekula?"

"Nimekula."

"Umehifadhi?"

Siku moja akamwambia, "Nifundishe hilo dirisha lako jeusi. Nataka kuona unachokiona."

Kwa maneno hayo Bi Amri alilainika vibaya. Akamfundisha, wote wawili wamebanana kwenye kiti kimoja, na kwa kubanana huko akasahau kumwambia jambo moja dogo: amri ile huorodhesha kuanzia kwenye folda uliyosimama. Ukiwa folda ya ndani, faili za nje huzioni.

Mkosi ukaja na kikao. Hospitali iliyoagiza programu ilikuwa inakuja kukagua, na Meneja alikuwa amesikia kwamba ofisi nyingine inamwinda Bi Amri.

"Faili za miadi zimo ghalani," aliuliza mbele ya wauzaji wa programu na Mhasibu, "au kuna mtu amezikalia nyumbani ili aondoke nazo?"

Kabla Bi Amri hajafungua mdomo, Mchoraji aliruka, akiwa na shauku ya kuonyesha alichofundishwa na kipenzi chake. Akaunganisha kompyuta kwenye skrini kubwa, akaandika amri. Yakatokea majina: nembo, nembo-mpya, nembo-mpya-kabisa. Basi.

"Mh," alisema. "Hazimo."

Bi Amri aliona kosa papo hapo. Mpenzi wake alikuwa amesimama kwenye folda yake ya picha. Angeweza kusema. Lakini kilichomchoma hakikuwa kosa. Ni kwamba alitamka lile neno bila hata kugeuza shingo kumwuliza.

"Huu ni wizi," alisema Meneja. "Utaandika barua ya kuomba radhi na kurudisha faili. Nisipoipata kesho jioni, usirudi tena hapa."

"Siandiki."

"Basi thibitisha."

"Kazi yangu imo ghalani. Anayesema haimo ndiye athibitishe."

Jioni ile Mchoraji alimpigia, simu ikaita mpaka shangazi yake Bi Amri, aliyeishi naye, akaipokea.

"Shikamoo, shangazi. Namwomba Bi Amri."

"Marahaba. Hayupo."

"Mbona nasikia sauti yake?"

"Yupo, anakula. Kwako ndiyo hayupo."

"Naomba umwulize kama kuna dalili za kunisamehe."

Shangazi akaziba simu, akauliza, akarudi. "Anasema hazimo," alisema shangazi, akakata simu. Kisha akamgeukia mpwa wake. "Si uwaonyeshe tu yaishe, mwanangu?"

"Nikiwaonyesha leo, kila mwezi nitaitwa niwaonyeshe. Mimi si mwizi, shangazi."

"Na kazi ikienda?"

"Iende. Sitaipigia magoti."

Kesho yake aliingia ofisini na gauni jekundu, viatu virefu na hereni kubwa, kama anayekwenda kutawazwa. Mezani alikuta karatasi tupu na kalamu, zawadi kutoka kwa Meneja. Aliweka kikombe juu ya karatasi, akaendelea na kazi.

Jioni, wote wakiwa kwenye meza kubwa wanakunywa chai, Meneja alimwita.

"Barua iko wapi?"

"Haipo."

Mchoraji akainuka. Shati lilikuwa la jana, na lilikuwa limeisahau pasi. "Meneja, naomba skrini." Akaonyesha kwa kidole. "Jana nilisimama hapa, kwenye folda ya picha. Amri huorodhesha kuanzia uliposimama. Nimegundua leo nilipoijaribu mahali pengine. Jana sikujua, na sikumwuliza anayejua."

Akapanda folda moja juu, akaandika upya. Miadi, wagonjwa, vikumbusho, zamu za madaktari; majina yaliteremka mpaka Mhasibu akamaliza chai yake.

"Zimo zote," alisema. "Mwenye kosa ni mimi."

Meneja akakohoa. "Basi, yamekwisha. Turudi kazini."

"Hayajaisha," alisema Bi Amri. "Uliniita mwizi mbele ya hawa. Nisafishe mbele ya hawa."

Meneja alitazama dari, akakuta hakuna msaada. "Nilikosea. Bi Amri si mwizi."

"Na dirisha jeusi?"

"Libaki."

Mchoraji akamsogelea. "Tuongee nje kidogo, mpenzi."

"Nje kuna nini? Radhi yako nimeipokea. Sasa nieleze una nia gani na mimi, na nataka mashahidi."

Mhasibu aliweka kikombe chini taratibu. Mchoraji alijifuta viganja kwenye suruali.

"Nataka kukuoa," alisema. "Nasema mbele ya Meneja, mbele ya Mhasibu, na mbele ya huyo muuzaji anayejifanya hanirekodi."

"Na utakuwa unaniuliza kabla ya kunisemea?"

"Nitakuuliza mpaka unichoke."

Bi Amri alimwacha asimame pale kitambo, kwa ajili ya haki. Kisha akamshika mkono, akaigeukia meza nzima.

"Nimekubali," alisema. "Mwenye neno aseme sasa."

Meneja akafungua mdomo. Akautia chai.