Darubini Iliyonyooshwa

Dale Hovland, aliyeongoza wawindaji matajiri mlimani, alikutwa amelala chali juu ya theluji nyembamba, fulana yake ya rangi ya machungwa ikiwa na tundu moja kifuani. Ilikuwa asubuhi ya kwanza ya msimu wa kuwinda elki, wale kulungu wakubwa wa milimani. Risasi ilikuwa imepita mwilini na kunasa kwenye mkoba aliobeba mgongoni.

Inspekta Verna Skaar alipanda mlima kutafuta mahali risasi ilipotoka. Chini ya msonobari mmoja, ndani ya shamba la Maxine Trudell, nyasi zilikuwa zimelazwa na mwili wa mtu. Alipima kutoka pale hadi kwenye maiti. Yadi mia tisa.

Jumatatu bunduki ya Maxine ilichukuliwa kutoka nyuma ya kiti cha pikapu yake, ambayo haikuwa imefungwa, kama ilivyo kwa pikapu zote za bonde lile. Jumatano maabara ikajibu: risasi imetoka kwenye mtutu huo. Jioni ile ile Maxine, mjane wa miaka sitini na tisa, akawekwa mahabusu.

"Kesi imekwisha," alisema Sherifu Coyle, mtu aliyependa kesi zinazokwisha kabla ya chakula cha jioni. "Dale alikuwa akipitisha matajiri wake kwenye lango la huyu mama bila ruhusa. Mama aliapa mbele ya watu kwamba atampiga risasi. Amempiga. Unataka nini tena?"

"Nataka kujua amempigaje."

"Kwa bunduki, Verna!"

Verna alitoka. Alinunua vikombe viwili vya kahawa, akaenda kukaa na Maxine.

"Umekuja kunibembeleza nikiri?" mama aliuliza. "Utachoka. Bora uninyonge na kahawa yangu mkononi."

"Ulimpiga Dale?"

"Hapana. Na simlilii pia. Andika hivyo hivyo."

"Mara ya mwisho uliigusa lini bunduki?"

"Wiki moja kabla ya msimu. Mimi huwa siwindi siku za mwanzo, kuna wajinga wengi mno mlimani. Ilikaa garini."

"Darubini juu yake nani aliifunga?"

"Mimi. Bunduki ni ya bei ya chini, kila mtu anajua. Mwezi wa nane nilikwenda kwa Orrin Budge, yule fundi bunduki, kununua kishikizo cha darubini. Orrin akaning'ang'aniza ninunue kile chenye mwinamo, kinachoinamisha darubini mbele ili ulenge mbali sana. Nikamwambia mimi simpigi mnyama nisiyeweza kumwona jicho. Nikachukua kile bapa, cha chuma. Nikafunga mwenyewe jikoni."

Alinyanyua kikombe kwa mkono wa kushoto. Verna alikumbuka kwamba hata siku ya kukamatwa, mama alivaa koti kwa kuanza na mkono wa kulia, polepole, ameuma meno.

"Bega lako la kulia lina nini, Bi Maxine?"

"Halina kitu."

"Linyanyue basi."

Mama alimkazia macho. Kisha akatazama mlango, kuhakikisha umefungwa.

"Farasi alinibwaga, miaka mitatu iliyopita," alisema kwa sauti ya chini. "Halikuunga vizuri. Kitako cha bunduki hakikai sawa begani, bunduki yote inalala upande. Kwa hiyo darubini niliifunga imepinda, ili nikilaza bunduki, msalaba wa kulengea ulio ndani usimame wima. Na ole wako umwambie mtu! Wakijua siwezi kuinua mkono, kesho nusu ya bonde iko mlangoni kwangu kuniambia niuze shamba."

"Unakabiliwa na kifungo cha maisha, mama."

"Basi nitafungwa nikiwa na shamba."

Verna alitoka mle mbio. Kwenye chumba cha vielelezo aliibana bunduki kwenye jiliwa la mezani, akachungulia ndani ya darubini. Msalaba ulikuwa wima, umenyooka sawa na bunduki yenyewe, bila kupinda hata kidogo.

Alichukua bisibisi inayopima nguvu ya kukaza. Akajaribu skrubu ya kwanza, ya pili, hadi ya sita. Zote zilikuwa zimekazwa kwa nguvu ile ile. Hiyo haikuwa kazi ya mtu wa jikoni.

Asubuhi aliipeleka bunduki uwanja wa shabaha pamoja na mtaalamu wa maabara. Walizungusha gurudumu la darubini la kupandishia shabaha mpaka likagoma. Kwa yadi mia sita risasi zilifika. Kwa mia tisa zilipiga udongo, chini kabisa ya shabaha.

"Kishikizo hiki bapa hakikumuua mtu kwa yadi mia tisa," alisema mtaalamu. "Aliyepiga alifunga chenye mwinamo, kisha akarudisha hiki."

Mchana Verna aliingia dukani kwa Orrin Budge. Orrin alikuwa mtu mpole mwenye vidole virefu, aliyefuta meza yake kila baada ya mteja. Verna alimwekea bunduki mbele.

"Nahitaji jicho la fundi. Darubini hii imefungwaje?"

Orrin alichungulia. Uso ukalainika.

"Imefungwa inavyotakiwa. Pete zimekaa sawa, msalaba wima. Aliyefanya kazi hii anajua kazi."

"Ni Maxine."

Fundi alicheka. "Maxine? Maxine alikuwa ameifunga imepinda kama mlango wa zizi!"

Verna aliivuta bunduki kwake.

"Uliiona lini, Orrin?"

"Aliniletea... mwezi wa nane."

"Mwezi wa nane alikuja kununua kishikizo tu, akafunga kwake. Bunduki yenyewe hakukuletea. Imepinda uliiona wapi?"

Orrin alishika kitambaa chake, akafuta meza iliyokuwa safi.

"Uliitoa garini kabla ya msimu," Verna aliendelea. "Ukafunga kishikizo chako chenye mwinamo. Ukampiga Dale. Ukarudisha kile bapa. Kwa nini hukuirudisha darubini ikiwa imepinda kama ulivyoikuta?"

Fundi alikikunja kitambaa mara mbili, akakiweka chini.

"Nilijaribu," alisema hatimaye. "Haki ya Mungu nilijaribu kuipindisha, Verna. Mikono ilikataa. Miaka thelathini sijatoa kazi iliyopinda mezani kwangu."

"Dale alikufanya nini?"

Sauti ya Orrin ilipanda. "Unamkumbuka ndugu yangu Lyle? Mkasema aliganda mlimani, hakuna aliyemwona. Dale mwenyewe akaongoza msako, mkampigia makofi kanisani! Mwezi wa tisa ananiletea bunduki ya mteja wake nifunge darubini. Bunduki ya Lyle! Ile tuliyoambiwa imepotea kwenye theluji. Nilimuuliza. Akasema Lyle alikuwa amevunjika mguu, na yeye alikuwa na mteja na kichwa cha elki cha kushusha, hakuweza kubeba vyote. Akachukua bunduki, akamwacha. Alinieleza hivyo huku anakula karanga zangu! Nimemuua, ndiyo. Niandikie popote nitie sahihi. Kesho akifufuka nitamuua tena."

"Na Maxine?"

Hapo ndipo ujasiri ulipomwishia. "Nilidhani watamwonea huruma," alinong'ona. "Ni mzee."

Jioni ile Maxine aliachiwa. Sherifu Coyle alimfungulia mlango mwenyewe, akiangalia viatu vyake. Mama hakwenda nje. Alinyoosha moja kwa moja mpaka kwenye chumba cha mahabusu alimokuwa Orrin, Verna nyuma yake.

"Lyle alikesha zizini kwangu siku tatu ng'ombe wangu walipougua," alisema. "Hakutaka hata asante. Ungekuja ukaniambia Dale alimwacha afe, ningekwenda nawe kwa hakimu, na hakimu asingelala mpaka atusikie. Lakini ulitafuta mtu ambaye hakuna atakayemuulizia, ukaniona mimi."

"Nisamehe, Maxine."

"Sikusamehi. Na mahakamani nitakuja. Nitavua koti mbele ya bonde zima niwaonyeshe bega hili, waone kwa nini darubini yangu ilipinda. Anayetaka shamba langu baada ya hapo aje anitazame machoni aniombe."

Alivaa koti lake hapo hapo, akianza na mkono mbovu, na safari hii hakujificha. Verna alinyoosha mkono kumsaidia.

"Acha," Maxine alisema. "Naweza."