Ufunguo Ulioachwa Kwenye Mashine

Fundi hakuwa na mke. Hakuwa na gari, wala nyumba yake mwenyewe. Aliishi chumba cha uani kwa dada yake mkubwa. Hakuwa na maneno ya kubembeleza, wala ujasiri wa kumtazama mwanamke machoni mpaka amalize sentensi. Kitu kingine alichokosa ni kovu. Miaka yote aliyokereza vyuma hakupoteza hata ukucha, kwa sababu kila asubuhi aliiogopa mashine yake ya kuzungusha na kuchonga chuma kama aliyeiona kwa mara ya kwanza.

Siku moja alikuwa katika duka la vyuma, wateja wakisukumana kaunta nzima. Mwanamke mmoja mwenye gauni la manjano na viatu vyekundu alikuwa anageuka na nondo ya alumini iliyomzidi urefu, na watu wanainama kuikwepa.

"Dada, hiyo itamtoa mtu jicho," Fundi alisema.

"Basi shika upande wa pili, kaka, badala ya kunihubiria."

Akashika. Wakatoka nayo barabarani kama wabeba jeneza.

"Unajenga nini?"

"Roboti. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Wanafunzi wangu wanaingia mashindanoni na roboti yetu haina ekseli za magurudumu. Unamjua fundi wa kukereza?"

"Namjua mmoja. Mwoga kweli."

"Mwoga wa nini?"

"Wa kila kitu."

"Huyo huyo ndiye ninayemtaka," alisema Mwalimu. "Hodari wataniulia watoto."

Timu ikaanza kufika karakanani kwa Fundi kila alasiri, ikiongozwa na msichana mrefu ambaye wenzake walimwita Kapteni. Fundi aliwafunza kukunja mikono ya mashati, kuficha nywele chini ya kofia, kuvaa miwani ya kinga. Amri kubwa ilihusu ufunguo. Mashine ina taya zinazouma chuma, na taya hizo hukazwa kwa ufunguo mzito kama nyundo ndogo. Ukiusahau pale kisha ukawasha, hurushwa kama risasi. Kwa hiyo hakuna kuwasha mpaka ufunguo uwe kwenye kiganja cha Fundi.

"Ufunguo!" alikuwa akiuliza.

"Kiganjani!" walijibu wote.

Jioni zikaanza simu za Mwalimu.

"Umekula, mhandisi wangu?"

"Mimi si mhandisi."

"Nimekupandisha cheo. Umeniwaza leo?"

Fundi alihamishia simu sikio la pili.

"Vuta pumzi, mpenzi, swali jepesi hilo. Hata Kapteni angelijibu."

"Nimekuwaza mpaka chakula kikapoa."

Mwalimu alicheka mpaka simu ikakoroma.

Zamani simu ya Fundi ilikaa kwenye droo wakati wa kazi. Siku hizi ilihamia mfuko wa kifuani. Na alasiri moja, Kapteni akiwa amekwisha kukaza alumini, ikatetemeka. Fundi aliitoa, akaona ni nani, akatabasamu.

"Washa," alisema, macho yakiwa kwenye kioo cha simu.

Kapteni, aliyemwamini kuliko alivyoyaamini macho yake mwenyewe, akawasha.

Kitu kilipita sikioni mwake kwa mlio wa nyigu. Mlango wa kabati la chuma ukalia. Fundi alikipiga kitufe chekundu kwa ngumi, kisha akakitazama kiganja chake. Kilikuwa na simu, na simu ilikuwa bado inatetemeka.

"Sijaumia," alisema Kapteni, akiligusa sikio tena na tena. "Fundi, sijaumia."

Aliwarudisha nyumbani, akafunga mlango, akamtumia Mwalimu ujumbe: "Karakana imefungwa. Usinipigie tena." Wanafunzi nao walifunga midomo, wakihofia kuondolewa mashindanoni. Mwalimu alipiga, akapiga tena. Fundi aliitazama simu ikiwaka kitandani kama mtu aliyemkuta nyoka chumbani.

"Wewe!" dada yake alifoka kutoka jikoni. "Hiyo simu ipokee au izike!"

Baada ya wiki Mwalimu alikuja mwenyewe, sketi nyeusi, midomo mikavu.

"Ni nani?"

"Nani, nani?"

"Huyo mwanamke uliyempata."

"Hakuna mwanamke." Akamwongoza mpaka kwenye kabati. Bati lilikuwa limebonyea, kidole gumba kingezama. "Kichwa cha Kapteni kilikuwa kando ya njia hii. Ulinipigia, nikakutazama wewe badala ya ufunguo."

Mwalimu alitia kidole kwenye kibonyeo. Akakaa benchini.

"Nina mzazi wa kumwambia jambo hili."

"Tutakwenda wote."

"Tutakwenda. Lakini mbona ulinifungia mimi mlango? Ni mimi niliyewasha?"

"Niliogopa."

"Na mimi je? Naogopa tangu wanavaa miwani mpaka wanaivua! Hofu yako umeikumbatia peke yako kama urithi wa baba."

Mama yake Kapteni alisikiliza akiwa amemshika binti yake mkono, na hakuuachia mpaka mwisho. Alikubali kazi imaliziwe, kwa sharti kwamba simu zote zibaki nje, na Mwalimu asimame pale pale. Ekseli zikakerezwa. Kila mashine ilipowashwa, hakuna aliyepumua.

"Kesho tunasafiri kwenda mashindanoni," Mwalimu alimwambia Fundi mlangoni. "Huko nitazima simu mpaka tumalize, macho yangu yote ni ya hawa watoto. Ukiwa na neno kwangu, niandikie kwenye bweni tutakalolala. Na usiniandikie samahani, hiyo nimeshaipokea."

"Niandike nini sasa?"

"Kile unachokiogopa."

Fundi aliandika kwa penseli, akafuta, akaandika.

"Barua hiyo au unakereza?" dada yake aliuliza. "Mbona vumbi tu?"

Mwishowe ilisomeka hivi: "Mpenzi Mwalimu, naogopa utasema hapana. Naogopa zaidi utasema ndiyo, halafu siku moja nitazame pembeni na wewe ndiye uliyesimama mbele ya mashine. Sikudanganyi kwamba hofu hii itaisha. Lakini wiki ile niliyokaa nayo peke yangu, nilikuwa wa hatari kuliko mashine yoyote. Nakuomba tuoane."

Akaikunja, akalamba gundi ya bahasha, akaikandamiza kwa kidole gumba ncha hadi ncha. Posta, karani alinyoosha mkono dirishani.

"Ya haraka au ya kawaida?"

Fundi aliishikilia kidogo. Bado angeweza kuirudisha mfukoni.

"Ya haraka," alisema.

Karani akaigonga muhuri, akaitupa ndani ya gunia, juu ya barua za watu wengine.