Maji Kwenye Mlango wa Roshani

Kila asubuhi Nereida aliponda ndizi za kuchemsha, akakaanga vitunguu, kisha akamwita baba yake mezani. Mzee Fermín alikuja akiburuta ndala, akiilalamikia kahawa kabla hajaionja. Eladio, mume wa Nereida, alikunywa yake akiwa amesimama, halafu akateremka ngazi kwenda kazini bandarini. Walikaa ghorofa ya pili, mjini Puerto Plata, na roshani yao ilitazama bahari.

Mvua za Novemba zilipoanza, mlango wa roshani uliwatia adabu. Ulikuwa mlango mpana wa kioo, wa kusukuma pembeni juu ya reli ya alumini. Mvua ikija na upepo, maji yaliingia sebuleni. Nereida aliweka taulo. Taulo likalowa chepechepe. Akaweka lingine.

"Si ulisema umeziba?" alimuuliza mumewe.

"Nimeziba! Nimepaka gundi ya silikoni reli yote, ndani na nje. Hapo hapiti hata sisimizi."

"Na haya maji?"

Eladio alinyoosha kidole juu. "Muulize Bi Casilda wa ghorofa ya juu. Anamwagilia maua yake kama shamba la miwa. Yote yanatushukia sisi."

Nereida aliamini. Tangu siku hiyo akikutana na Bi Casilda kwenye ngazi, hakumwamkia.

Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, Mzee Fermín alikwenda kufungua pazia. Nereida akiwa jikoni alisikia kishindo. Alimkuta baba yake chini, suruali imelowa, mkono ameukumbatia kifuani.

"Baba!"

"Usinivute!" alifoka mzee. "Nyumba gani hii, mtu anateleza sebuleni kama yuko mtoni?"

Hospitali walisema mfupa wa kifundo cha mkono umevunjika. Wakamfunga plasta. Nereida akamrudisha nyumbani. Alimkalisha baba yake kwenye kochi, akapanda ngazi mbilimbili, akaugonga mlango wa Bi Casilda kwa ngumi.

"Huna haya wewe mama! Baba yangu amevunjika mkono kwa sababu ya maji yako!"

Bi Casilda, mama wa makamo, alitoka na kijiko mkononi. "Maji yangu? Mvua nayo ni yangu? Upepo nimeutuma mimi?"

"Maua yako ndiyo..."

"Mvua yote hii, nani anamwagilia maua? Una akili kweli? Nimefunga milango ya alumini miaka na miaka kwenye karakana ya kaka yangu. Nenda mbele! Tukaone hayo maji. Ukinikuta na kosa, nahama leo. Usiponikuta, utafunga mdomo unisikilize."

Waliteremka wakigombana ngazi nzima, majirani wakichungulia milangoni. Sebuleni Bi Casilda alimpa pole Mzee Fermín kwa upole, kisha akamgeukia Nereida kwa ukali.

"Lete jagi la maji."

Nereida alipolileta, Bi Casilda akayamimina kwenye reli, polepole. Maji hayakwenda popote. Yalituama pale pale, yakapanda, yakavuka ukingo, yakaingia sebuleni hadi kwenye vidole vya Nereida.

"Umeniona nikimwaga kutoka juu?"

Nereida alirudisha miguu nyuma.

"Sasa sikiliza. Mlango wa kusukuma hauzuii kila tone. Maji kidogo lazima yaingie kwenye reli. Kwa hiyo chini ya fremu, upande wa nje, kuna matundu madogo. Maji yakiingia kwenye reli, yanatokea huko." Alichuchumaa roshanini, akakwangua kwa ukucha. Utando mweupe ukabanduka. "Haya hapa. Nani kayaziba kwa silikoni?"

Muda huo huo Eladio aliingia, mbio kutoka bandarini baada ya kupata habari za mzee.

"Huyo hapo," alisema Nereida.

"Mimi nilitaka kusaidia..."

"Umeyasaidia maji!" Nereida alipiga kelele. "Umeziba njia yake, halafu ukanituma nikamtukane jirani! Mkono wa baba ule, uangalie!"

"Mwache," alisema Mzee Fermín kutoka kwenye kochi. "Mkwe wangu ni fundi. Kanijengea bwawa ndani."

Mvua ilipokatika, kazi ilianza. Eladio alipiga magoti, Bi Casilda akasimama juu yake kama askari. Kwanza Eladio alifagia mchanga na nywele kwenye reli kwa brashi. Kisha alibandua silikoni kwa kipande cha plastiki ngumu, asiikwaruze alumini. Mwisho alipitisha waya mwembamba kwenye matundu. Bi Casilda alimimina jagi tena. Safari hii maji yalitoka nje.

"Nipake mafuta, mlango uteleze vizuri?" aliuliza Eladio.

"Thubutu! Mafuta yananasa mchanga. Utaziba tena."

Kisha Bi Casilda alimwonyesha manyoya ya kuzuia upepo, yaliyopangwa kwenye utepe pembeni mwa kioo. Yalikuwa yamelala na kukatika. "Chomoa kipande, uende nacho dukani, upewe ya unene huo huo." Mlango wenyewe ulikuwa umeinama upande mmoja. Eladio alikaza skrubu za vigurudumu vya chini kwa bisibisi, kidogo kidogo, mpaka mlango ukakaa sawa na fremu kutoka juu hadi chini.

Kwa nje, ufa ulionekana kati ya fremu na ukuta.

"Hapo ndipo pa silikoni," alisema Bi Casilda. "Kwangua ya zamani, acha pakauke, upake ya kutumia nje. Lakini matundu usiyaguse! Maji yakiingia hata baada ya haya, basi yanapita ndani ya ukuta. Hapo mwite fundi. Usijifanye unajua."

"Sawa, mama," alijibu Eladio kwa sauti ndogo.

Siku chache baadaye upepo wa bahari uliipiga mvua kwenye kioo. Nereida alichuchumaa mlangoni. Maji yaliingia kwenye reli, yakakimbia, yakatokea nje kupitia matundu. Alipapasa vigae vya sebuleni kwa kiganja. Vikavu. Baba yake alipita nyuma yake kwenda kuchungulia bahari, bila kushika ukuta.

Nereida alipanda ngazi. Safari hii alibisha hodi taratibu.

"Nimekuja kuomba radhi, Bi Casilda. Nilikukosea mbele ya majirani."

Bi Casilda alisogea pembeni kumpisha. Uso wake ulikuwa bado umekunjamana.

"Radhi haisugui reli," alisema. "Yangu ina mchanga wa mwaka mzima. Brashi iko hapo pembeni."

Nereida alivua viatu, akaichukua, akapiga magoti.